Uchungu Unapokawia: Jua Moja Linatosha



Kuzaa si ugonjwa. Akina mama wengi hushikwa na uchungu, hujifungua na kuanza kunyonyesha bila tatizo lo lote, na kazi ya mkunga huwa ni kuangalia, kutia moyo na kumpokea mtoto. Lakini karibu kila kijiji kina familia inayokumbuka uzazi mmoja uliokwenda vibaya: mama aliyekaa na uchungu siku mbili, mtoto aliyezaliwa bila kulia, au binti aliyerudi nyumbani akiwa hai lakini anavuja mkojo. Ukiwauliza ilikuwaje, wengi watakujibu kwa maneno mawili: uchungu ulikawia. Mwezi huu tujifunze maana ya maneno hayo, na la kufanya yanapotokea.

Kuna msemo unaotajwa sana katika mafunzo ya wakunga hapa Afrika, kwamba jua lisizame mara mbili juu ya mama mwenye uchungu. Ulikuwa msemo wa busara siku zile ambapo hospitali ilikuwa safari ya kutwa nzima kwa machela. Leo tunasema mara mbili ni nyingi mno. Hapa kwetu karibu na ikweta jua hukaa angani masaa 12 hivi, mwaka mzima, na jua hilo moja linatosha. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kweli asubuhi linapochomoza, awe amekwisha kujifungua linapozama, au awe yuko mahali panapoweza kufanyika upasuaji. Aliyeshikwa jioni, hesabu ni hiyo hiyo mpaka alfajiri.

UCHUNGU WA KAWAIDA HUENDAJE

Tuanze na ulionyooka ndipo tuutambue uliopotoka. Mfuko wa uzazi ni msuli wenye nguvu nyingi. Kila unapokaza, huuvuta mlango wa kizazi ufunguke na humsukuma mtoto ateremke. Mlango huo hufunguka mpaka kufikia sentimita 10, na hapo kichwa cha mtoto huweza kupita.

Kufunguka huko kuna vipindi viwili. Cha kwanza ni cha polepole, mpaka sentimita 5. Kwa mimba ya kwanza hasa, kipindi hiki kinaweza kuchukua kutwa nzima, na mama bado anatembea, anaongea, hata anachambua mchicha. Cha pili ni cha kasi, kutoka sentimita 5 mpaka 10. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linasema kipindi hiki kwa kawaida hakizidi masaa 12 kwa mimba ya kwanza, wala masaa 10 kwa mimba zinazofuata. Baada ya hapo mama husukuma. Mwenye mimba ya kwanza kwa kawaida humpata mtoto ndani ya masaa 3, mwingine ndani ya masaa 2, na mara nyingi mapema kuliko hapo. Kondo la nyuma hufuata, kwa kawaida kabla ya nusu saa kupita.

Uchungu wa kweli utautambua kwa mpangilio wake. Huja, huacha, huja tena, na kila baada ya muda huja karibu zaidi na kwa nguvu zaidi. Mara nyingi huanzia kiunoni na kuzunguka kuja mbele. Mama akitembea hauondoki. Huenda ukatoka ute mzito wenye damu kidogo. Uchungu usio wa kweli hauna ratiba. Mama akilala au akipata kikombe cha uji, hupotea.

Tatizo ni kwamba nyumbani hakuna awezaye kuona kwa macho mlango umefunguka kiasi gani. Bibi mwenye uzoefu wa miaka 40 hukisia tu. Ndiyo maana tunawasihi mama aende kituoni uchungu unapoanza, asingoje mpaka uonekane umeshindikana. Akiambiwa bado mapema na kurudishwa, hakupoteza kitu zaidi ya nauli.

KWA NINI MTOTO HUKWAMA

Ye yote aliyewahi kuhamisha kitanda kutoka nyumba moja kwenda nyingine anaelewa. Kitanda kinaweza kukataa kupita mlangoni kwa sababu wabebaji wamechoka, au kwa sababu kimeshikwa vibaya na kinahitaji kugeuzwa, au kwa sababu mlango wenyewe ni mwembamba. Uzazi nao una mambo hayo matatu: nguvu, mtoto na njia.

Nguvu hupungua mama akichoka, akiwa na njaa na kiu, akiwa na hofu, au kibofu kikijaa mkojo. Jambo hili la kibofu hudharauliwa mno. Kibofu kilichojaa hukaa mbele ya kichwa cha mtoto kama jiwe njiani, na mama mwenye maumivu hasikii haja. Akumbushwe kukojoa kila baada ya masaa mawili.

Kwa upande wa mtoto, huenda ni mkubwa, au ametanguliza matako, au amegeuza uso vibaya, au amelala kikingama tumboni. Aliyelala kikingama hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida akiwa amefikisha miezi yake, hata mama awe na nguvu za simba.

Njia nayo huwa nyembamba kwa binti ambaye mifupa yake ya nyonga haijakomaa, kwa aliyekosa chakula bora utotoni, kwa aliyeugua polio au kuvunjika nyonga, na mara nyingine kwa sababu ya uvimbe. Mahali ambapo wasichana wanakeketwa, kovu pia linaweza kuuzuia mlango wa nje na kusababisha kuchanika vibaya.

Kliniki mama hupimwa urefu, na aliye chini ya sentimita 150 huwekewa alama kwenye kadi yake. Ni vyema. Lakini msidhani kwamba mrefu amekwisha kusalimika. Mama wengi wafupi huzaa salama, na wapo warefu wanaokwama, kwa sababu linaloamua ni kichwa cha mtoto huyu katika nyonga hii. Kipimo chake cha hakika ni uchungu wenyewe ukiangaliwa saa kwa saa.

Kuna jambo moja ambalo familia nyingi hulielewa kinyume. Husemwa, "Huyu ana watoto watano, amezoea, atajifungulia nyumbani." Tofauti ni hii: kwa mimba ya kwanza, njia ikiziba, mfuko wa uzazi mara nyingi huchoka na kupunguza nguvu. Kwa mama aliyezaa mara nyingi, mfuko haukubali kushindwa. Huendelea kukaza mpaka unapasuka. Damu humwagika ndani ya tumbo, mtoto hufa, na mama anaweza kufa muda mfupi baadaye. Kuzaa vizuri mara tano hakumaanishi kwamba mtoto wa sita amelala vizuri, wala kwamba si mkubwa kuliko kaka zake.

MFANO WA KUTUNGA

Tuseme kuna binti wa miaka 18, mimba ya kwanza, anaishi kwa wakwe zake. Alhamisi saa 11 alfajiri anaanza uchungu. Mama mkwe anasema, "Subiri mwanangu, mimba ya kwanza haina haraka." Hajakosea sana. Saa 6 mchana uchungu unakuja kila baada ya dakika tatu. Binti anaomba aende zahanati. Mama mkwe anajibu, "Mume wako yuko mnadani, simu yake haipatikani. Siwezi kumtoa mke wa mtu bila mwenyewe kujua."

Saa 12 jioni jua linazama. Bibi wa jirani analeta kikombe cha dawa ya mizizi ya kuongeza uchungu. Saa 2 usiku uchungu ni mkali bila nafasi ya kupumua, na mtoto hatoki. Sasa shangazi anaingia chumbani, anafunga mlango na kuanza kumhoji: "Sema ukweli, mtoto ni wa nani? Taja jina atoke." Binti analia, hana jina la kutaja. Saa 6 usiku mume anafika. Inatafutwa pikipiki, inatafutwa fedha, inagongwa milango. Saa 8 usiku wako zahanati, na mkunga hana haja ya kupima mara mbili, anaandika barua ya rufaa. Saa 11 alfajiri wanafika hospitali ya wilaya.

Hesabu mwenyewe. Yamepita masaa 24. Kutoka zahanati mpaka hospitali yametumika masaa matatu. Yaliyobaki karibu yote yametumika nyumbani, kungojea ruhusa, kungojea dawa ifanye kazi, na kungojea jina ambalo halikuwepo. Tunapenda kulaumu barabara, na barabara zetu kweli ni mbaya, lakini katika mfano huu si barabara iliyokula usiku.

Hilo la kumtaka mama aungame uzinzi ili mtoto atoke limeenea katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, na linapatikana hata katika nyumba za Wakristo. Tuseme wazi: mtoto hakwami kwa sababu ya dhambi. Waaminifu hukwama, na wasio waaminifu huzaa kwa urahisi, kwa sababu mifupa ya nyonga haiulizi habari za ndoa. Sakramenti ya Kitubio ina mahali pake na mhudumu wake, na hakuna shangazi aliyepewa mamlaka ya kuungamisha chumbani pa mzazi. Aibu anayotiwa mama saa ile humwongezea hofu, na hofu hupunguza nguvu za uchungu.

DAWA ZA KUONGEZA UCHUNGU

Baadhi ya mizizi na majani wanayopewa wazazi kweli hukaza mfuko wa uzazi. Shida iko hapo hapo. Hakuna ajuaye kikombe kina nguvu kiasi gani, na kikishanywewa hakirudishwi. Mfuko ukikazwa mfululizo, mtoto hukosa hewa, maana hupata hewa yake kwa damu inayopita mfuko unapolegea. Na kama njia ni nyembamba, kukaza zaidi ni kuukaribisha mpasuko.

Vivyo hivyo kwa sindano na vidonge vya dukani. Hospitali hutumia dawa iitwayo oksitosini kuongeza uchungu, lakini huitoa kwa dripu, tone kwa tone, baada ya kuhakikisha kwamba njia haijaziba, na mkunga hukaa karibu akihesabu. Dawa hiyo hiyo ikipigwa sindano mara moja kwa mama ambaye mtoto hajatoka, inaweza kumwua. Baada ya mtoto kutoka, sindano hiyo ndiyo inayozuia damu isimwagike, na kila mama anastahili kuipata. Ni dawa moja. Wakati wa kuitoa ndio unaotofautisha. Ye yote anayekuuzia "sindano ya kuharakisha" nje ya kituo cha afya, mkimbie.

DALILI ZA KUONDOKA MARA MOJA

Mbali na saa, zipo dalili ambazo hazingojei jua wala mwezi. Kutokwa damu nyingi kabla mtoto hajazaliwa ni mojawapo. Kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, kuvimba uso au kupata degedege ni dalili za kifafa cha mimba. Chupa ikipasuka na uchungu usianze, aende kituoni siku ile ile, kwa kuwa mlango wa maambukizo umefunguka. Maji yakiwa ya kijani au mazito kama uji, mtoto amejisaidia tumboni na huenda anataabika. Maji yenye harufu mbaya, pamoja na homa, yanaonyesha kwamba maambukizo yamekwisha kuingia.

Likitangulia kitu kingine badala ya kichwa, yaani mkono, mguu, matako au kitovu, usivute wala usirudishe ndani. Kitovu kikitangulia, mama apige magoti na kuinamisha kifua chini, matako yakiwa juu, ili mtoto asikikandamize. Na abaki hivyo njiani kadiri inavyowezekana.

Tazameni pia umbo la tumbo. Uchungu uliokwama muda mrefu unaweza kuligawa tumbo sehemu mbili, likawa na mkunjo katikati kama kibuyu. Mama wa namna hiyo yuko ukingoni. Na kama uchungu mkali unakatika ghafla, mama akatulia, akatokwa jasho la baridi na mapigo ya moyo yakaenda mbio, wasiojua hufurahi kwamba amepata nafuu. Sivyo. Huenda mfuko umepasuka.

MKIWA NYUMBANI NA MKIWA NJIANI

Mama aachwe atembee, asimame, achuchumae, alale kwa ubavu, apendavyo mwenyewe. Asilazwe chali kutwa nzima. Anywe maji, chai yenye sukari au uji mwepesi kidogo kidogo. Awe na mtu anayempenda karibu yake, anayemsugua mgongo na kumsemesha maneno mema. Hili limethibitishwa kuwa linafupisha uchungu, na halina gharama.

Asisukume kabla ya wakati. Wapo wanaomwamuru mama asukume tangu asubuhi, naye anachoka na mlango wa kizazi unavimba. Na msimkalie tumboni wala kumkandamiza ili mtoto ashuke. Ni hatari kwa wote wawili. Mtu asimwingize vidole ndani, kwani kila kidole huingiza wadudu.

Mkianza safari, mama alale kwa ubavu wa kushoto. Chukueni kadi ya kliniki, nguo za mtoto, na ndugu wawili wenye afya walio tayari kutoa damu. Mkunga wa jadi aliyemwangalia naye apande gari, ili aeleze uchungu ulianza lini, chupa ilipasuka saa ngapi, na dawa gani alikunywa. Msimfiche mganga habari ya mizizi kwa kuogopa kugombezwa. Atawagombeza, kisha atamtibu vizuri zaidi.

KINACHOFANYIKA KITUONI

Huenda umeona mkunga akijaza karatasi yenye mistari kwenye ubao mdogo. Karatasi hiyo huitwa patografu, na ina asili ya karibu. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji wa Salisbury, ambao leo ni Harare, Zimbabwe, walichapisha chati ya kuwasaidia wakunga wa vituo visivyo na daktari kujua mapema ni mama gani apelekwe mbele. Waliweka mstari wa tahadhari, na masaa manne mbele yake mstari wa kuchukua hatua. Mama akivuka mstari wa kwanza akiwa zahanati, ni wa kusafirishwa. Shirika la Afya Duniani liliijaribu chati ya namna hiyo katika nchi za Asia ya kusini-mashariki kwa wazazi zaidi ya 35,000, na matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliokaa na uchungu zaidi ya masaa 18 walikuwa wamepungua kutoka 6.4 hadi 3.4 katika kila mia. Karatasi na kalamu tu! Mwaka 2020 shirika hilo lilitoa karatasi mpya, inayouliza pia kama mama amekunywa, kama ana mwenzi wa kumsaidia na kama maumivu yake yanashughulikiwa.

Mkunga hupima mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo yanapaswa kuwa kati ya 110 na 160 kwa dakika, hutazama maji, hupima shinikizo la damu, na baada ya kila masaa manne hupima mlango umefika wapi. Familia ina haki ya kuuliza kwa adabu, "Dada, amefikia sentimita ngapi?" Ukiona mama yuko leba kwa masaa mengi na hakuna aliyemgusa, uliza tena.

Ikiwa kasoro ni nguvu tu, hospitali huweza kupasua chupa au kutundika dripu ya kuongeza uchungu. Kama kichwa kimeshuka sana na mama amechoka, mtoto huweza kuvutwa kwa kifaa maalum kinachonasa utosini. Kichwa hubaki na uvimbe unaokwisha kwa siku chache. Ikiwa njia imeziba, dawa yake ni upasuaji.

Upasuaji unaogopwa, na baadhi ya watu husema mwanamke aliyepasuliwa hakuzaa. Maneno haya yamewagharimu watu maisha. Ni kweli upasuaji usio wa lazima haufai. Una hatari zake za damu, maambukizo na kovu. Ila kwa mtoto aliyekwama, hakuna mlango mwingine. Na jambo lingine: mama mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kutia sahihi ya kukubali upasuaji mwenyewe. Mume akiwepo ni vizuri, lakini kisu kisingoje pikipiki ya mume.

Mtoto akishatoka baada ya uchungu mrefu, kazi haijaisha. Mfuko uliochoka mara nyingi hushindwa kukaza, na damu hutoka kwa wingi. Huko Kigoma wakunga wa jadi walifundishwa kuipima kwa kanga: kanga mbili zikilowa damu, mama amepoteza nusu lita au zaidi, na ni hatari. Kwa aliyekwisha kuwa na upungufu wa damu msingoje kanga ya pili.

KUJITAYARISHA KABLA YA MWEZI WA TISA

Nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 uliona kwamba watoto 81 katika kila mia walizaliwa katika vituo vya huduma za afya, na vifo vya akina mama vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati utafiti wa 2015/16 ulitoa makadirio ya 556. Vituo vya afya vingi sasa vinafanya upasuaji. Zahanati haifanyi. Kwa hiyo jueni kabla: kutoka kwenu, chumba cha upasuaji kilicho karibu kiko wapi, na gari la nani linafika huko usiku wa mvua?

Mume na mke waamue mapema, na waseme mbele ya mama mkwe, kwamba mume asipokuwepo nani atatoa ruhusa. Hilo moja lingemwokolea binti wa mfano wetu karibu nusu ya masaa yake. Wekeni akiba ya nauli, hata kwa kidogo kidogo. Jumuiya ndogo ndogo nyingine huweka mfuko wa dharura ya uzazi kama wanavyoweka wa msiba, na kwa maoni yetu mfuko wa kwanza ungepunguza kazi ya wa pili. Tanzania Bara kuna mpango wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, ambao hupigiwa simu bure kwa namba 115. Ulizeni zahanati yenu unavyofanya kazi kwenu, kabla ya siku yenyewe.

Wapo wasiopaswa kujifungulia nyumbani wala zahanati tangu mwanzo: aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, ambaye mtoto ametanguliza matako au kulala kikingama mwezi wa mwisho, mwenye shinikizo la damu, na aliyewahi kupoteza mtoto kwa uchungu mrefu. Anayeishi mbali ahamie karibu na hospitali wiki mbili au tatu kabla. Baadhi ya hospitali zina nyumba ya kusubiria wajawazito, ambayo sehemu nyingine huitwa chigonela. Huwa hakuna anasa humo, mtu hujipikia, lakini leba iko hatua chache.

ALIYEBAKI NA JERAHA

Kichwa cha mtoto kikikaa muda mrefu mahali pamoja, hubana kibofu kwenye mfupa kama kidole kilichofungwa uzi. Nyama hukosa damu na kufa, na baada ya siku chache hutoboka. Mkojo huvuja usiku na mchana bila mama kuuzuia. Mara nyingine hata kinyesi. Ugonjwa huo ni fistula. Hautokani na kurogwa wala laana, na hauambukizwi. Wengi wa wanaoupata wamempoteza pia mtoto, kisha hufichwa chumba cha nyuma, na wengine huachwa na waume zao.

Fistula inatibika kwa upasuaji. Huko Addis Ababa, Ethiopia, madaktari Reginald na Catherine Hamlin walifungua mwaka 1974 hospitali ya ugonjwa huu peke yake, na maelfu ya wanawake wametibiwa hapo. Hapa kwetu hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza ni kati ya zinazofanya upasuaji huo. Aliyeanza kuvuja ndani ya wiki za kwanza baada ya kujifungua asikawie: tundu dogo huweza kufunga lenyewe akiwekewa mpira wa mkojo mapema kwa wiki kadhaa, akinywa maji mengi. Wengi hupunguza maji ili wasilowe, na hilo huukaza mkojo na kuwachoma zaidi. Anayevuja kwa miaka 20 naye hajachelewa. Kama unamjua mmoja katika jumuiya yenu, mfuateni nyumbani, mkae naye, na mmsindikize mpaka hospitali. Peke yake mara nyingi hathubutu kupanda basi.

Akipona na kupata mimba tena, aanze kliniki mapema na aeleze habari zake zote. Mtoto wa safari hii ni wa kuzaliwa hospitali kwa upasuaji, na tarehe yake ipangwe kabla uchungu haujaanza.